Pedali Inayosikiliza Mkono

Kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Mocímboa da Praia tulibishana wiki nzima kwa sababu ya kijisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani. Wasomaji wa jarida hili mmezoea kukuta humu habari za vitabu, nyimbo na ngoma. Leo naomba nihakiki chombo. Chombo nacho kina tabia yake, na ukikichagua vibaya kinakuharibia wimbo mzuri.

Chombo chenyewe ni pedali ya gitaa inayoitwa envelopu filta. Huku kwetu gitaa tunaliita viola, tumelichukua kwa Wareno, lakini nitaandika gitaa ili tuelewane na wenzetu wa Mtwara na wa mbali zaidi. Jina la pedali lisikutishe. Filta ni chujio. Sauti ya gitaa ina unene wake na ina ukali wake, na chujio linaachia sehemu moja na kuzuia nyingine. Ile pedali ya wawa ya kawaida, unalifungua na kulifunga chujio kwa mguu. Hii haitaki mguu. Inapima jinsi ulivyoupiga uzi. Ukipiga kwa nguvu, chujio linafunguka na sauti inang'aa. Uzi unapofifia, chujio linajifunga lenyewe taratibu. Ni kama mama anavyokamua nazi kwenye kifumbu: mkono ukikaza tui linamwagika, mkono ukilegea linadondoka tone tone. Matokeo yake ni ule mlio wa "kwau, kwau" ambao wadogo zetu wameupa jina la bata.

Pedali iliyoutangaza mlio huu duniani ni Mu-Tron III, iliyotoka Marekani mwaka 1972 kwenye kampuni ya Musitronics. Fundi wake aliitwa Mike Beigel. Mwaka uliofuata Stevie Wonder alipitisha humo kinanda chake kwenye wimbo wa "Higher Ground", na Bootsy Collins naye, kwa wakati wake, akapitisha besi yake. Kampuni haikufika mbali, lakini Beigel alirudi miaka ya 1990 akaitengenezea Electro-Harmonix pedali ya Q-Tron, na wengine wengi wakatengeneza za kwao. Kilichonivutia mimi ni kilichomo ndani ya ile ya kwanza. Mna kitaa kidogo na kipande kinachohisi mwanga, vimefungiwa pamoja gizani. Ukipiga uzi kwa nguvu kitaa kinawaka zaidi, na mwanga huo ndio unaolifungua chujio. Yaani kila ukigusa uzi, kuna taa inawaka mahali ambapo hakuna anayeiona.

Sasa, mtu atauliza, gitaa la umeme linahusiana nini na pwani yetu? Linahusiana. Wazee wanaokumbuka redio za Tanganyika na Tanzania wanazijua Black Star na Lucky Star za Tanga, zilizoingiza gitaa la umeme na besi ndani ya taarabu. Kwa hiyo hatukuanza sisi, na hatukutoka nje ya kwetu.

Swali gumu zaidi lilitoka kwa bibi mmoja, jirani wa pale tunapofanyia mazoezi. Tulikuwa tumekusanya meticais 6,000 kwa kupiga kwenye harusi nne. Aliposikia tunataka kununua pedali alituita, akatutazama mmoja mmoja, akasema: "Wanangu, hicho kinapikwa au kinaezekewa?" Hatukuwa na jibu. Nyumba yake ina turubai upande mmoja mpaka leo. Nilirudi nyumbani na swali lile, na ndilo lililonifanya nihakiki kwa makini badala ya kununua kwa tamaa.

Mwanamuziki mmoja wa Pemba alikuwa anauza vyombo viwili vilivyotumika. Kimoja ni mashine ya kidijitali yenye milio zaidi ya 100 ndani yake. Cha pili ni DOD FX25, envelopu filta ya analogi yenye nobu mbili tu: moja ya wepesi wa kuhisi mkono, nyingine ya mahali chujio linapofikia. Bei zao zilikaribiana. Alituachia vyote wiki moja tuvijaribu, Mungu ambariki.

Vijana wengi walitaka ile ya milio 100. Hesabu yao ilikuwa rahisi: pesa ile ile, kwa nini ununue mlio mmoja? Na mimi naomba niseme ukweli kuhusu neno analogi, kwa sababu wauzaji wanalitumia kama dawa ya mganga. Analogi maana yake umeme wa gitaa unapita kwenye vipande vya kweli bila kugeuzwa namba. Dijitali inaugeuza namba, inazichezea, inaurudisha. Watu wanaapa kwamba sikio linajua tofauti. Nilifungwa macho kwa leso ya dada mmoja, kijana akapiga mara kumi akibadilisha chombo bila kuniambia. Nilipatia sita. Ukitupa sarafu hewani unapata karibu hivyo hivyo. Kwa hiyo anayewaambia nunueni analogi kwa sababu sauti yake ina roho, mwombeni naye afungwe leso.

Tofauti tuliiona kwingine. Dada zetu wanapiga tufo. Anayejua matari ya tufo anajua kwamba mwisho hauendi mwendo wa mwanzo. Ngoma inapanda, sauti zinapanda, mwili unafuata. Mashine ile ilikuwa na milio mitano ya aina ya wawa, na minne kati yake ilikwenda kwa saa iliyomo ndani. Inafunguka, inafunga, inafunguka, inafunga, upige usipige. Mwanzoni ilipendeza. Dada walipokoleza, gitaa likabaki nyuma kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Unaweza kuigongea saa upya kwa mguu, lakini kwenye mchanga, gizani, na maelekezo yote kwa Kiingereza, ni nani ataigonga? Ile FX25 haina saa. Mkono ukienda mbio nayo inakwenda mbio. Mlio wa tano wa mashine ulifuata mkono vizuri tu, sitaudhulumu, ila kuufikia ulipitia kurasa nne za kioo kidogo.

Siku ya nne ndipo lilitokea jambo ambalo ndilo hasa sababu ya kuandika.

Mpiga gitaa wetu anapiga polepole mno. Vidole vyake ni hodari kuliko vya sisi wote, lakini lazima usogee karibu ndipo umsikie. Mji huu uliposhikwa Agosti 2020 alikuwa na miaka 14. Alijificha na mdogo wake siku kadhaa mahali ambapo kukohoa tu kulikuwa hatari. Zaidi ya hapo ni habari yake mwenyewe, siielezi. Nachoeleza ni mkono. Mkono ule ulijifunza kutotoa sauti na haujasahau.

Mimi, kama mlezi wa vijana, nilikuwa na mpango. Nilishusha ile nobu ya kuhisi mpaka karibu na mwisho. Nilijiambia: sasa pedali haitafunguka mpaka apige kwa nguvu, na akizoea kupiga kwa nguvu, kitu ndani yake kitafunguka pia. Niliona nimebuni tiba. Akapiga. Pedali ikakaa kimya, chujio limefungwa, sauti imezibwa kama mtu anayesemea ndani ya mto. Akajaribu tena. Wenzake wakaanza, "Piga, bwana, piga!" Akauweka mkono wake juu ya nyuzi akazizima. Kisha akaniambia kwa utulivu, bila hasira: "Kaka, kwani lazima mkono wangu ubadilike? Si ugeuze hiyo nobu."

Niliona haya. Nikainama nikageuza, nikaipeleka juu mpaka karibu na mwisho wa upande wa pili. Akapiga vile vile anavyopiga siku zote, na yule bata akalia wazi, mkubwa, wa kuchekesha. Watoto waliokuwa dirishani wakacheka. Yeye naye akacheka. Mkono haukuongeza nguvu hata kidogo.

Tangu siku ile, kipimo changu cha envelopu filta ni hiki: ipimeni kwa mkono mwepesi kuliko yote mliyo nao kwenye kikundi. Wanaojaribu pedali kwenye video wanapiga kwa mbwembwe, na kwa mkono wa mbwembwe kila pedali inafunguka. Mpeni anayenong'ona. Kama nobu ya kuhisi ina nafasi ya kutosha kumfikia, hiyo ni pedali. Kama haimfikii, hata iwe na jina gani, itawafaa wengine. Na nasema haya nikijua kwamba yananihusu kuliko pedali. Sisi tunaofanya kazi na vijana tuliorudi, mara ngapi tumeshusha nobu tukasubiri mtoto apaze sauti ndipo tumsikie? Nilifanya hivyo mbele ya watu, na nia yangu ilikuwa njema.

Tulinunua FX25. Siwaambii haina upungufu. Nobu mbili ni chache. Haina njia ya kuchanganya sauti iliyochujwa na ile safi, na kwa besi hilo ni pengo, maana chujio linakula unene. Toleo lililofuata, FX25B, liliongezewa nobu ya tatu kwa kazi hiyo. Mwenye pesa zaidi aangalie Micro Q-Tron, ina swichi ya kuchagua chujio liachie sauti nene, za kati au kali. Na mpiga gitaa mwenye pedali nyingine za kukwaruza au kubana sauti aitangulize filta, gitaa liingie humo kwanza. Ile ya kubana inasawazisha nguvu zote za mkono, na filta ikipewa sauti iliyokwisha sawazishwa haina cha kusikiliza.

Jambo la umeme, kwa wenzangu mnaotumia sola: pedali nyingi za aina hii zinataka volti 9, na betri ya sola ni volti 12 au zaidi. Msiunganishe moja kwa moja. Angalieni pia kama ina nafasi ya betri ndani, kwa sababu zile ndogo kabisa za siku hizi nyingi hazina, na umeme ukikatika inakuwa jiwe. Yetu inakula pilha moja ya mraba, ya volti 9.

Bibi jirani bado hatujamjibu kwa maneno. Harusi ya kwanza tuliyopiga na pedali mpya tulikubaliana kabla ya kutoka nyumbani kwamba nusu ya pesa ni ya mabati yake, na nusu ya harusi ya pili pia. Yanatosha upande ule wa turubai, bado misumari. Alikuja kusikiliza. Bata alipolia aliuliza ni nani anayefanya hivyo, tukamwonyesha yule kijana. Alimwangalia mkono wake muda mrefu, akasema: "Mbona hata hapigi?"

Neno la mwisho ni la matunzo. Mkimaliza kupiga, chomoeni waya wa gitaa kwenye pedali. Ukiuacha umechomekwa, pilha inaendelea kuliwa usiku kucha, hata kama nyote mmelala.