Sauti Elfu, Majina Machache: Uhakiki wa Filamu "The Trip"

Miongoni mwa safari ambazo binadamu wa karne ya 20 alijizoeza kuzifanya, imo moja isiyo ya biashara, wala ya kuhiji, wala ya kuzuru jamaa. Nayo ni safari ya marafiki wachache ndani ya gari, wakipita mji hadi mji kwa nia ya kuonja vyakula. Safari ya namna hii haikuzuka yenyewe. Mwaka 1900 ndugu wawili wa Kifaransa, André na Édouard Michelin, waliokuwa watengenezaji wa matairi, walitoa bure kijitabu cha kuwaongoza wenye magari: wapi pa kulala, wapi pa kutengeneza gari, wapi pa kupata petroli. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Gari likienda sana, tairi huisha. Tairi likiisha, hununuliwa jingine. Mwaka 1926 wakaanza kuzitia nyota hoteli zenye chakula kizuri, na baadaye maana ya nyota hizo ikapimwa kwa barabara: nyota 2 ni mahali panapostahili msafiri akengeuke njia yake, nyota 3 ni mahali panapostahili safari ya makusudi. Ndiyo kusema tangu mwanzo ulimi na tairi vilifungwa pamoja.

Ni katika mila hiyo tunapoiweka "The Trip", kazi ya mwongozaji Mwingereza Michael Winterbottom. Ilitoka mwaka 2010 kwa sura mbili: mchezo wa vipindi 6 vya televisheni ya BBC, na filamu moja iliyofupishwa kutokana navyo. Ilifuatwa na safari za Italia mwaka 2014, Hispania mwaka 2017 na Ugiriki mwaka 2020. Hapa tutaihakiki ile ya kwanza, kwa sababu ndani yake mna jambo linalomhusu kila mwalimu wa lugha.

Kisa chenyewe ni chepesi. Steve Coogan, mchezaji wa michezo ya kuchekesha, ametumwa na gazeti la Observer kuzunguka hoteli za Uingereza ya kaskazini, ale, kisha aandike sifa zake. Alikusudia kwenda na mpenzi wake, lakini mwanamke huyo amekwenda zake Marekani. Hapo anamwomba Rob Brydon, mchekeshaji mwenzake, amfuate, na wala hamfichi kwamba amekwisha waomba wengine wakakosa nafasi. Basi wawili hawa wanashika njia kwa siku chache katika milima na maziwa ya Lake District na mabonde ya Yorkshire. Wanabishana, wanaimba garini, wanazuru mahali walipokaa washairi Wordsworth na Coleridge, kisha wanarejea makwao. Mtazamaji anayengoja ajali au wizi atangoja bure.

Kwa upande wa fani, jambo la kwanza la kuzingatia ni wahusika. Wachezaji wanatumia majina yao halisi na kazi zao halisi, lakini maisha tunayoonyeshwa yametiwa chumvi. Mazungumzo mengi hayakuandikwa mapema. Walipewa muhtasari tu, yaliyobaki wakayabuni papo hapo. Ndiyo maana maneno yao yana uhai wa mazungumzo ya kweli: hukatizana, hurudia, huchokozana, hunyamaza.

Dhamira kuu, kwa maoni yetu, ni uhusiano wa kazi mbili za kinywa: kula na kusema. Wanaume hawa wana sauti elfu. Mezani wanashindana kuiga sauti ya mchezaji Michael Caine, na mashindano yao ni ya kitaalamu kabisa. Brydon anaeleza jinsi sauti ya mtu huyo ilivyobadilika kwa umri, ikashuka na kukwaruza kwa ajili ya sigara na pombe. Coogan anamsahihisha, anaonyesha pumzi inapokatika. Ni somo la fonetiki lenye kuchekesha, na mwalimu wa matamshi angeweza kulionyesha darasani bila kuona haya.

Lakini chakula kikiwekwa mezani, ndimi hizo hizo hupungukiwa. Husema ni kizuri, ni kitamu, kisha hurudi kwenye sauti za watu. Katika hoteli ya L'Enclume, kijijini Cartmel, ambayo mwaka 2022 ilipata nyota ya 3 ya Michelin, Coogan anafananisha walichopewa na kamasi, halafu anakisifu. Twacheka, na ni haki tucheke. Hata hivyo twaona ajabu ya jambo lenyewe: mtu aliyetumwa kuandika juu ya chakula hana msamiati wa chakula. Anajua kutofautisha pumzi mbili za Michael Caine, wala hajui kutofautisha mchuzi na mchuzi.

Je, hili ni kosa la filamu? Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili. Umaskini wa maneno wa Coogan ni wa mhusika, na msanii ameukusudia. Ushahidi ni tukio la Malham Cove, kwenye genge kubwa la mawe ya chokaa. Garini na mezani Coogan hupenda kumfundisha mwenzake habari za nchi na za miamba. Juu ya genge anakutana na mtu anayeijua miamba hiyo kwa hakika, naye anamweleza kwa urefu ilivyojijenga. Coogan anatafuta mwanya wa kuponyoka. Anayapenda maarifa yanapotoka kinywani mwake, hayapendi yanapoingia sikioni. Mtu wa namna hiyo aweza kuzunguka dunia nzima, akala kila kitu, akarudi na njaa ile ile. Na ndivyo inavyokuwa. Mwisho wa safari Brydon anapokewa na mke na mtoto mchanga. Coogan anaingia katika nyumba yake ya vioo jijini London, hana wa kumsimulia alichokula. Kazi ya Marekani aliyoitamani inapopatikana, anaikataa kwa ajili ya wanawe. Tukio hilo ni fupi, halina kelele, nalo ndilo kilele cha kazi yote.

Jambo la pili ni la filamu yenyewe, na hapo hatuwezi kuitetea. Mara kwa mara kamera inaingia jikoni. Twaona mikono ikipanga vipande sahanini, sufuria ikitoa moshi, mchuzi ukidondoshwa kwa kijiko. Ni picha nzuri sana. Lakini wapishi hao hawapewi nafasi ya kutueleza kazi yao. Wahudumu hutaja jina la chakula, huondoka, na wateja huanza tena michezo yao. Wanaokula wana majina, nyumba, wake na huzuni. Wanaopika wana mikono tu. Mwongozaji amemcheka mhusika asiyesikiliza, kisha naye hakusikiliza. Kama angemwacha mpishi mmoja aseme kwa dakika mbili alikolitoa jani lile la porini na kwa nini alilitia, tungeuona umaskini wa Coogan kwa uwazi zaidi, na haki ya mfanyakazi ingetimizwa.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa kuchekesha, si kitabu cha mapishi. Twakubali. Lakini kichekesho chenyewe kinasimama juu ya tofauti kati ya wingi wa sauti na uchache wa maana, na tofauti hiyo hudhihirika pale upande wa pili unaposikika.

Sasa, walimu wenzetu, tuitazame insha ya safari inayoandikwa katika madarasa yetu hapa Uganda. Mwanafunzi anatoka Kampala kwenda Masaka. Gari linasimama Lukaya, wauzaji wanakuja mbio madirishani na nyama ya kuchoma, samaki na gonja. Kisha tunasoma: "Tulisimama njiani, tukala chakula kitamu, halafu tukaendelea na safari." Lukaya yote imemezwa na sentensi moja. Mwanafunzi hastahili lawama, maana hakupewa maneno. Kwa miaka mingi Kiswahili katika nchi hii kilijulikana kuwa lugha ya kambi na kituo cha polisi. Mtoto aliweza kuamrishwa "simama" na "toa kitambulisho" kabla hajajua jina la kitu kimoja kilichoko jikoni. Lugha isiyoingia jikoni hubaki barazani kama mgeni.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila insha ya safari idai mambo matatu katika habari ya chakula. Kwanza, jina lake. Wala tusiogope kuandika gonja na luwombo katika Kiswahili. Lugha iliyopokea chapati, pilau na sambusa haitashindwa na ndizi ya jirani. Pili, kazi ya aliyekitengeneza: nani alikipika, kwa moto gani, kwa muda gani. Tatu, ladha kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, bila neno "kitamu" kusimama peke yake. Kwa mfano: "Ndizi ya gonja ilikuwa imeiva mpaka ganda likawa jeusi, ilipowekwa juu ya makaa sukari yake ilitoka nje ikaungua kidogo, ikawa tamu yenye uchungu kwa mbali." Sentensi kama hii haihitaji kipaji. Yahitaji kutazama, kumwuliza muuzaji, na kulisikiliza jibu lake.

Filamu hii yafaa kuonyeshwa katika vyuo vya ualimu, si kwa wanafunzi wadogo, maana mna lugha chafu na mambo ya watu wazima. Mwalimu aisimamishe kila sahani inapofika mezani, awatake wanachuo waseme kwa Kiswahili kile ambacho wahusika wameshindwa kukisema. Kwa kipimo cha Michelin tungeipa nyota 2: yastahili mtu akengeuke njia yake aitazame. Nyota ya 3 tunaiweka akiba kwa msanii wa kwetu atakayesafiri barabara ya Masaka na rafiki zake, na akamwacha mchoma nyama wa Lukaya naye aseme.