Maji Maji: Umoja Tuliourithi na Ukweli Tunaoukwepa

Kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari, watu hukusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na wakoloni wa Kijerumani siku kama hiyo mwaka 1906. Ngoma hupigwa, mashada huwekwa, viongozi husema. Na karibu kila hotuba hurudi kwenye fundisho moja, kwamba Maji Maji iliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya adui mmoja, na kwamba umoja ule ndio mbegu ya taifa letu. Fundisho hilo ni la kweli, nasi hatulipingi. Tunalouliza ni hili: je, ni ukweli wote?

Taifa likumbukapo msiba wake hufanya uchaguzi. Huamua lipi lisemwe na lipi linyamaziwe. Uchaguzi huo ni kazi ya itikadi, wala si wa kuachiwa washereheshaji peke yao. Katika makala haya tutautazama uchaguzi wetu kwa kuusoma upya mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, uliotolewa mwaka 1969. Tumeuchagua kwa sababu vizazi vya wanafunzi wameijua Maji Maji kwa njia ya mchezo huo kabla ya kuijua kwa njia ya historia, na kwa sababu mwisho wake umesomwa vibaya na baadhi yetu.

Vita vyenyewe

Tuanze na hali halisi. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa mashamba ya pamba katika sehemu za kusini na mashariki ya nchi. Wakulima walilimishwa kwa kiboko chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, huku mashamba yao ya chakula yakimezwa na magugu. Malipo yalikuwa madogo hata wengine wakakataa kuyapokea. Mwaka 1905 ikaja kodi ya kichwa. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo wakulima wa vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, waliing'oa pamba. Kung'oa miche ile kulikuwa tangazo la vita.

Kabla ya hapo Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kugawa maji ya dawa, ambayo iliaminiwa kwamba yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu walimwendea makundi kwa makundi, na wajumbe wakayachukua maji mbali zaidi. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengineo, watu ambao baadhi yao walikuwa wamepigana wenyewe kwa wenyewe kwa miaka mingi, walijikuta upande mmoja. Waandishi wa kikoloni waliuita ushirikina. Sisi tunasema kwamba maji yale yalibeba kilio ambacho kilikuwako tayari: unyonyaji wa jasho la mkulima. Bila pamba na kiboko, maji ya Ngarambe yangebaki dawa ya mganga mmoja.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge. Wakakutana na bunduki za rashasha. Maji hayakuzuia risasi.

Mchezo na nguvu yake

Ebrahim Hussein hakuandika kitabu cha historia, wala hatumdai kuwa amekiandika. Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa. Nguvu ya mchezo ni kwamba mwandishi alikataa kuutukuza umoja kwa maneno matupu. Alionyesha jinsi unavyopatikana na jinsi unavyoweza kuponyoka. Kinjeketile anawapa watu maji ili wawe kitu kimoja, lakini anataka wasubiri, wafundishwe, wajiandae. Watu wamechoka, hawawezi kusubiri. Imani aliyoiwasha inamshinda kasi mwenyewe. Naye moyoni ana shaka: je, neno alilopewa ni la ukombozi, au linawatoa watu wake kwa bwana mmoja na kuwatia mikononi mwa mwingine?

Kada yeyote aliyewahi kuhamasisha wananchi ataitambua hali hiyo. Ni rahisi kuamsha ari. Kuipa ari hiyo mpango, majembe, mafunzo na uongozi ni kazi nyingine. Kaulimbiu isiyo na maandalizi ni maji ya Ngarambe: huwakusanya watu kwa siku moja, kisha huwaacha mbele ya rashasha. Hapo mchezo unatufundisha siasa safi, na tunamshukuru mwandishi.

Yale yanayoachwa

Hata hivyo yako mambo matatu ambayo mchezo hauyafikii, na ambayo kumbukumbu zetu za hadhara nazo huyapita upesi.

Kwanza ni suala la kiongozi mmoja. Jukwaani Kinjeketile anaishi kuushuhudia uchungu wa kushindwa, na sisi tunaviona vita kwa kupitia dhamiri yake. Katika historia Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hakuiona Mahenge. Vita vilienea mpaka Ungoni yeye akiwa amekwisha kufa. Maana yake ni nzito: umoja ule ulisimama juu ya wakulima wenyewe, juu ya wajumbe wasiojulikana majina waliotembea usiku na vibuyu vya maji. Ulikuwa pia juu ya watu kama Nkomanile, mama kiongozi aliyenyongwa Songea pamoja na wanaume zaidi ya 60. Tukimfanya Kinjeketile kuwa vita vyote, tunawafundisha vijana kumsubiri mtu mkubwa badala ya kujipanga wao wenyewe.

Pili ni suala la waliokuwa upande wa pili. Jeshi la mkoloni lilikuwa na maofisa wachache Wazungu. Waliobaki walikuwa askari Waafrika, baadhi yao wenyeji wa nchi hiihii, pamoja na wasaidizi waliotolewa na watawala wa kienyeji. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, alikuwa upande wa Wajerumani. Wahehe, ambao vita vyao wenyewe chini ya Mkwawa vilikuwa vimemalizika mwaka 1898, hawakujiunga. Miongoni mwa Wangoni wenyewe viongozi hawakuwa na shauri moja tangu mwanzo. Katika hesabu za Wajerumani Wazungu waliouawa upande wao walikuwa 15 tu, na askari wao Waafrika waliokufa ni karibu 400. Basi tusiseme kwamba mwaka 1905 Watanganyika wote walikuwa kitu kimoja. Hawakuwa. Mkoloni alishinda kwa bunduki, na alishinda pia kwa mifarakano yetu. Tukilificha hilo tunaufanya umoja uonekane kama kitu tulichozaliwa nacho, na kitu ulichozaliwa nacho hukitunzi. Umoja wa Tanzania ulijengwa kwa kazi ya makusudi, na unaweza kubomolewa kwa uzembe wa makusudi.

Tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni njaa. Wajerumani walipoona kwamba wapiganaji wameacha kushambulia maboma na wamegeukia vita vya msituni, waliamua kuvipiga vyungu vya chakula. Vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa, mazao yakaharibiwa yangali shambani. Mmoja wa maofisa wao aliandika bila aibu kwamba ni njaa na ufukara tu vitakavyowafanya watu wasalimu amri kabisa. Ndivyo ilivyokuwa. Serikali ya Ujerumani ilikubali vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kwa hesabu yoyote, walio wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa na njaa na maradhi, wakiwamo akina mama, watoto na wazee ambao hawakushika mkuki. Palipokuwa mashamba pakawa pori, na wanyama wakarudi mahali pa watu.

Mnara wa shujaa ni rahisi kuuchonga: mtu amesimama, mkononi ana mkuki. Mnara wa mama aliyekula mbegu zake za msimu ujao ili mtoto afike kesho tutauchongaje? Mwanzoni mwa mchezo wanawake wanazungumza juu ya dhiki ya nyumbani, na ni mwanzo mzuri sana. Lakini vita vikipamba moto sauti yao inafifia. Kumbukumbu zetu zimefuata njia hiyohiyo. Tunawahesabu walionyongwa mmoja mmoja kwa majina, na inastahili. Waliokufa na njaa tunawataja kwa maelfu, kisha tunapita.

Neno mbele ya adui na neno mbele ya wananchi

Sasa tufike kwenye mwisho wa mchezo. Kinjeketile yumo kifungoni. Amepigwa, na anajua kwamba maji hayakufanya kazi. Anatakiwa aseme hadharani kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anaona kwamba akisema hivyo adui atalitumia neno lake kuwaambia watoto na wajukuu kwamba hata kupigania haki yao kulikuwa uongo.

Wako wasomaji waliochukua fundisho la hatari hapo. Husema: kiongozi mwema huulinda umoja hata kwa uongo, ukweli unaoweza kuwavunja watu moyo na ukae kabatini. Tumelisikia wazo hilo katika mijadala ya vijana, na mara nyingine tumeliona likitumika ofisini, ambako taarifa ya mavuno huandikwa kabla ya mavuno, na anayeuliza huambiwa anavunja umoja.

Sisi tunakataa usomaji huo, na tunaamini kwamba mchezo wenyewe unaukataa. Kinjeketile ananyamaza mbele ya nani? Mbele ya adui aliyemfunga. Kunyamaza kwake ni silaha ya mwisho ya mtu asiye na silaha. Kiongozi aliye huru, katika nchi iliyo huru, hasemi na mtesaji. Anasema na wenye nchi. Mbele ya adui, mshindwa ana haki ya kulishikilia neno lake. Mbele ya wananchi, kiongozi ana wajibu wa kusema kwamba maji ni maji. Anayezichanganya hali hizi mbili anawafanya wananchi kuwa adui.

Mapokeo ya Chama chetu katika jambo hili ni ya wazi. Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kudai uhuru, aliikumbusha dunia Maji Maji. Alieleza kwamba watu wetu walipigana kwa kuukataa utawala wa kigeni. Hakuficha kwamba walishindwa. Kutokana na kushindwa huko alionyesha kwa nini TANU ilichagua njia nyingine, ya kuwaunganisha watu kwa chama na bila kumwaga damu. Yaani aliutazama msiba usoni, akachukua fundisho, akabadili mbinu. Mwaka 1962, katika Tujisahihishe, aliwataka wanachama wayakubali makosa yao na kuyarekebisha. Amilcar Cabral naye aliwaonya makada wa PAIGC wasiwafiche watu ukweli wala kujisifia ushindi wa bure. Wanaharakati hao walijua kwamba umoja unaohitaji kufichwa ukweli umekwisha kuanza kuoza.

Kazi iliyo mbele yetu

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wetu. Aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, ambalo ukoo wake umelidai kwa muda mrefu. Ni hatua, na madai hayo tuyaendeleze bila kuchoka. Lakini msamaha wa mgeni hauwezi kutufanyia kazi yetu ya kukumbuka. Ujerumani ina deni kwetu. Sisi nasi tuna deni kwa wale waliokufa bila jina.

Deni hilo hulipwa kwa vitendo. Walimu wanaofundisha Kinjeketile wawaeleze wanafunzi kwamba pazia la mchezo linaanguka kabla njaa haijasimuliwa, kisha wawatume kwa wazee wa Kilwa, Liwale, Mahenge na Songea wakasikilize yale ambayo koo zimehifadhi. Miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya simulizi hizo kutoka kwa watu walioviona vita kwa macho yao. Mashahidi hao hawapo tena, lakini wajukuu wao wapo, na nao ni wazee sasa. Katika kumbukizi zetu, baada ya majina ya walionyongwa kusomwa, uwepo muda wa kuwataja waliokufa na njaa, kijiji kwa kijiji. Na Chama, kila kinapotumia historia hii kuhimiza umoja, kiseme pia kwamba tulifarakana, na nani alinufaika na mifarakano yetu.

Wapo watakaohofia kwamba kusema hivyo kutafukua chuki za zamani. Tunawajibu kwamba mjukuu wa askari na mjukuu wa mpiganaji leo wanasoma darasa moja, wanaoana, wanapiga kura katika kituo kimoja. Hilo si jambo dogo. Ndilo ushindi halisi juu ya mwaka 1905, na mtu hawezi kuupima ushindi ambao hajaambiwa ulikuwa dhidi ya nini. Mzalendo anayejua kwamba nchi yake iliwahi kugawanyika, kushindwa na kufa njaa, naye bado akaipenda na kuijenga, huyo hataimwacha siku ya shida. Aliyelishwa ushindi mtupu atatafuta maji mengine ya kunywa siku risasi ya kwanza itakapolia.