Ustadi wa Vitufe vya Kando

Kanyaruchinya, chini ya mlima Nyiragongo, kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru, yuko fundi ambaye kazi yake haisifiwi na mtu, nayo ni kuvipa maana vitufe vya ziada vya kibodi zilizoundwa kwa ajili ya wapenda michezo ya kompyuta. Kibodi hizo humfikia zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, kila moja na safu ya vitufe vitupu ubavuni, na aghalabu bwana wake wa kwanza hakupata kuviamuru lolote. Yeye huviandaa kwa ajili ya makarani wanaowapigia watu chapa barua za maombi, hati za mashamba na vyeti.

Kifaransa cha ofisini, tulichoachiwa na Wabelgiji pamoja na mpangilio wa herufi unaoanza kwa A na Z, kinadai alama hata juu ya herufi kubwa, ilhali kibodi haina kitufe cha É wala cha À. Karani mwadilifu hushikilia Alt akapiga 144 ili apate É, au 128 ili apate Ç. Karani mvivu huandika ELISEE na FRANCOISE, akampokonya mtu sehemu ya jina lake kisha akadai malipo kamili. Fundi wetu huifungia kila namba katika kitufe kimoja cha kando, hata uadilifu ukawa mwepesi kuliko uvivu. Na sijui fadhila ya chombo iliyo kubwa kuliko hiyo.

Lakini ustadi wake hudhihirika zaidi katika jambo lisiloonekana. Kibodi haipeleki herufi. Hutaja tu mahali kidole kilipogusa, na kompyuta ndiyo inayofasiri. Neno Madame lililohifadhiwa katika kitufe kwa mpangilio wa Kifaransa, kibodi ikichomekwa kwenye mashine iliyoletwa kutoka Kampala yenye mpangilio wa Kiingereza, hutoka :qdq;e, nayo ni aibu mbele ya mteja. Kwa hiyo fundi, badala ya kurekodi mibofyo ya kawaida, huandika salamu nzima kwa namba, 77 kwa M, 97 kwa a, 100 kwa d, mpaka mwisho, kwa subira ya mtu anayetunga ushanga; na kazi hiyo ikikamilika, salamu husomeka sawasawa katika mpangilio wowote, maadamu kompyuta inazielewa namba hizo.

Tena huchagua kibodi zenye kumbukumbu zao wenyewe, wala hakubali maagizo yabaki ndani ya kompyuta. Hoja yake yatokana na ardhi anayoikalia. Mlima ulitapika moto mwaka 1977, ukarudia 2002 na 2021. Na vita vikawasukuma watu wa Rutshuru mpaka Kanyaruchinya mwaka 2012, na tena 2022. Anayekimbia hawezi kujitwika kompyuta ya mezani, bali kibodi huingia katika mfuko pamoja na nguo za mtoto. Na popote itakapochomekwa, itakuwa imeyahifadhi yote iliyofunzwa.

Inasikitisha kwamba maarifa haya yanapungua thamani machoni pa watu. Baadhi ya viwanda sasa humtaka mnunuzi ajiandikishe katika intaneti kabla ya kukiamuru kitufe alichokwisha kukilipia, na barua nyingi huandikwa kwa simu, kwa haraka, bila alama na bila haya. Vijana huniambia kwamba E bila alama hueleweka vilevile. Hueleweka, ndiyo, lakini mtu aliyepoteza nyumba na shamba, ambaye cheti ndicho shahidi wake wa mwisho, anastahili jina lililo kamili, na wanaojua kumpa wanazidi kuwa wachache, wala hatuoni vijana wakiketi kando yao kujifunza.