Ilishindwa na Nani? Uhakiki wa Maelezo ya Kudoda kwa Konsoli za Michezo ya Video

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maelezo matatu yanayotolewa mara kwa mara kuhusu sababu za baadhi ya konsoli za michezo ya video kukosa soko katika miaka ya 1990, yaani udhaifu wa maunzi, ugumu wa kuyaandikia programu na bei. Kwa kutumia mfano wa Sega Saturn, makala yanaonesha kwamba kila maelezo yana mfano mzito unaoyapinga. Hoja kuu ni kwamba maelezo hayo humfanya chombo kuwa mtenda wa kushindwa kwake, na kwa njia hiyo huwaondoa katika sentensi watu waliofanya uamuzi. Mwishoni makala yanapendekeza namna ya kuandika tathmini za vifaa vya kidijiti bila kuwaficha watendaji.

1.0 Utangulizi

Tarehe 22 Novemba 1994, kampuni ya Sega iliingiza sokoni nchini Japani konsoli yake mpya iliyoitwa Saturn. Siku 11 baadaye, tarehe 3 Desemba, Sony ikatoa PlayStation. Mashine zote mbili zilikuwa za biti 32, zote zilisoma diski badala ya katriji, na zote ziliunganishwa na televisheni ya kawaida ya nyumbani. Hadi utengenezaji wake ulipokoma, Saturn ilikuwa imeuzwa takribani nakala milioni 9 duniani. PlayStation iliuzwa zaidi ya milioni 100.

Maelezo ya tofauti hiyo huanza kwa sentensi fupi: Saturn ilishindwa. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini ina utata unaostahili kuangaliwa kabla ya kuangalia mashine yenyewe. Kitenzi kushindwa kimo katika kauli ya kutendwa, na kwa asili yake kinadai kijalizo chenye na: mtu hushindwa na mwenzake. Hata hivyo kitenzi hicho hicho hubeba maana ya kukosa uwezo, kama katika alishindwa kusoma, ambapo hakuna mshindi anayetafutwa. Msemaji anapoishia kwenye ilishindwa, msikilizaji hupewa maana ya pili bila kuulizwa. Kuharibika, kwa kauli yake ya kutendeka, huenda mbali zaidi kwa kumfuta kabisa mtenda. Kufeli hudokeza kuwapo kwa mtahini ambaye hatajwi. Wafanyabiashara wana kitenzi kilicho wazi zaidi, nacho ni kudoda. Bidhaa iliyododa si lazima iwe mbovu. Imekosa wanunuzi, basi. Sababu ya kukosa wanunuzi hubaki kuwa swali la kuulizwa.

Nyuma ya maana ile ya pili ya kushindwa kuna imani ambayo methali imeihifadhi vizuri: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ikiwa kizuri hujiuza, basi kilichododa kilikuwa kibaya, na kazi ya mchambuzi ni kutafuta ubaya wake ndani ya kifaa. Maelezo matatu yanayohakikiwa hapa yote yamejengwa juu ya imani hiyo.

2.0 Hoja ya Udhaifu

Hoja ya kwanza husema kwamba mashine iliyododa ilizidiwa nguvu. Atari, ilipotoa Jaguar mwezi Novemba 1993, iliiamini hoja hii kiasi cha kuifanya msingi wa matangazo yake. Jaguar ilinadiwa kuwa konsoli ya biti 64 wakati washindani wengi walikuwa na 16, na mnunuzi aliombwa apige hesabu mwenyewe. Ndani ya mashine hiyo mlikuwamo sehemu zilizoshughulikia biti 64 kwa mkupuo, lakini pia mlikuwamo kichakataji cha Motorola 68000, kilekile kilichoendesha Mega Drive ya Sega tangu 1988. Waandishi wengi wa michezo walikitegemea hicho kwa sababu walikifahamu. Jaguar haikufikisha hata mauzo ya nakala 250,000. Tarakimu ya biti ilikuwa imegeuzwa kuwa sifa, ilhali mchezaji haoni biti, huona mchezo.

Mfano wa upande wa pili ni mashine za mkononi. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, iliyobuniwa chini ya usimamizi wa Gunpei Yokoi. Skrini yake haikuwa na rangi wala taa. Mwaka huohuo Atari ilitoa Lynx, yenye rangi na taa, na mwaka 1990 Sega ikafuata na Game Gear, nayo ya rangi. Game Boy ilitumia betri ndogo 4 kwa zaidi ya saa 10. Game Gear ilitumia betri 6 na kuzimaliza ndani ya saa chache. Nchini Marekani Lynx ilianza kuuzwa kwa dola 179.99, mara mbili ya bei ya Game Boy. Game Boy pamoja na mrithi wake wa rangi ziliuzwa takribani milioni 118. Iwapo nguvu ya maunzi ndiyo ingeamua, historia hii ingeandikwa kinyume.

Kisa cha Yokoi kina funzo zaidi. Mwaka 1995 mbunifu huyohuyo alitoa Virtual Boy, kifaa cha kuchungulia kilichoonesha picha za kina kwa rangi nyekundu peke yake. Kiliuzwa takribani nakala 770,000, kikapata michezo 22 tu, na kikaondolewa sokoni kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Akili iliyoibuni Game Boy haikuwa imepotea katika miaka sita. Kilichobadilika ni uhusiano wa kifaa na maisha ya mtumiaji. Game Boy iliingia mfukoni na kwenye basi. Virtual Boy ilimtaka mtu ainamie meza, afunike macho, na acheze peke yake.

3.0 Hoja ya Ugumu

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na wanaoitoa wana ushahidi. Saturn ilikuwa na vichakataji vikuu viwili vya Hitachi aina ya SH-2, vilivyogawana njia moja ya kufikia kumbukumbu. Kimoja kilipokuwa kikisoma, mara nyingi kingine kilisubiri. Picha zilishughulikiwa na vichakataji vingine viwili. Zaidi ya hayo, maumbo ya Saturn yalijengwa kwa pembenne, wakati PlayStation ilitumia pembetatu, umbo ambalo ndilo lililokuja kuwa kawaida ya taaluma nzima. Mwandishi wa michezo aliyetaka kutoa kazi moja kwa mashine zote mbili alilazimika kuifikiria upya.

Hata hivyo, ugumu ni sifa ya uhusiano, si ya chuma peke yake. Lugha yenye sarufi pana haiwi ngumu kwa anayepewa kamusi, vitabu vya sarufi na walimu. Sony ililielewa hilo. Mwaka 1993 iliinunua kampuni ya Uingereza ya Psygnosis, na kwa kupitia mahusiano yake ikapata zana za uandishi zilizofanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, pamoja na maktaba za programu katika lugha ya C. Zana za Saturn za mwanzo zilikuwa duni, na waandishi wengi walirudi kwenye lugha ya mashine ili kupata kasi waliyoitaka. Tofauti hiyo ilitokana na bajeti na vipaumbele vya ofisi.

Kipimo cha hoja hii ni PlayStation 2 ya mwaka 2000. Muundo wake ulikuwa mgumu mno, na waandishi wengi wa programu waliulalamikia waziwazi. Pamoja na hayo iliuzwa zaidi ya milioni 150. Waandishi walivumilia ugumu kwa sababu waliamini kwamba wasomaji wa kazi zao wangekuwapo. Kwa Saturn imani hiyo haikuwapo, au ilikuwapo kisha ikapotea.

4.0 Hoja ya Bei

Hoja ya tatu hutaja 3DO, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1993 kwa dola 699.99. Ni kweli kwamba bei hiyo iliwafukuza wanunuzi, lakini haikushuka kutoka mbinguni. Kampuni ya 3DO, chini ya Trip Hawkins, haikutengeneza mashine. Ilitoa leseni kwa watengenezaji kama Panasonic na kuwatoza waandishi wa michezo mrabaha wa dola 3 kwa kila nakala. Nintendo na Sega ziliweza kupunguza faida ya mashine kwa kutegemea faida ya michezo. Mtengenezaji mwenye leseni hakuwa na mapato ya michezo, hivyo alilazimika kupata faida yake yote kwenye mashine yenyewe. Bei ilikuwa matokeo ya mkataba.

Kwa upande mwingine, Dreamcast ya Sega iliingia soko la Marekani tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199, ikiwa na modemu ndani yake. Mwaka mmoja baadaye PlayStation 2 ilifika huko kwa dola 299. Mashine ya bei nafuu ndiyo iliyododa. Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba ingeacha kuitengeneza.

5.0 Mashine Moja, Masoko Mawili

Iwapo sababu ingekuwa ndani ya mashine, Saturn ingedoda kila mahali kwa kiwango kimoja. Haikuwa hivyo. Nchini Japani iliuzwa zaidi ya milioni 5 na kuipita Nintendo 64 katika soko hilo. Ilianza na Virtua Fighter, mchezo uliokwisha kupendwa katika kumbi za michezo za nchi hiyo. Vichakataji vilikuwa vilevile viwili, na pembenne zilezile.

Marekani mambo yalikwenda tofauti. Mwezi Novemba 1994, mwezi uleule Saturn ilipozinduliwa Japani, wamiliki wa Mega Drive wa Marekani waliuziwa 32X, kiongezi cha takribani dola 160 kilichonadiwa kama mlango wa kuingilia kizazi cha biti 32. Michezo yake haikuweza kuchezwa kwenye Saturn. Kisha Sega ikatangaza kwamba Saturn ingefika tarehe 2 Septemba 1995. Tarehe 11 Mei, katika maonesho ya E3 mjini Los Angeles, Tom Kalinske wa Sega alitangaza kwamba mashine ilikuwa tayari imeingia madukani kwa dola 399. Ilikuwa imepelekwa kwa kampuni nne tu za maduka. KB Toys, iliyoachwa nje, iliamua kutoiuza Saturn kabisa. Waandishi wa michezo waliojiandaa kwa Septemba walikutwa bila kazi iliyokamilika. Siku hiyohiyo Sony ilitaja bei ya PlayStation: dola 299.

Hapa ndipo na ya kauli ya kutendwa inapopata majina. Ahadi kwa mnunuzi ilivunjwa na uamuzi wa kuuza 32X. Ahadi kwa muuzaji na kwa mwandishi ilivunjwa na uamuzi wa kusogeza tarehe. Dreamcast ilirithi kumbukumbu hizo miaka minne baadaye, wakati PlayStation 2 ilikuwa ikisoma diski za mtangulizi wake na kuheshimu fedha ambazo mnunuzi alikwisha kuzitoa.

Haifai, hata hivyo, kuifanya imani kuwa jibu la kila swali. Hata Japani Saturn iliachwa nyuma na PlayStation, hasa baada ya kampuni ya Square kuhamishia huko Final Fantasy VII mwaka 1997. PlayStation 2 nayo ilicheza filamu za DVD, na Sony ilikuwa na mtaji ambao Sega haikuwa nao. Kinachodaiwa hapa ni kwamba mambo hayo yote ni matendo ya watu na taasisi, na hakuna hata moja linaloonekana katika sentensi inayoishia na ilishindwa.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu una maana nje ya historia ya michezo. Tathmini za vifaa vinavyonunuliwa kwa ajili ya shule, maktaba na ofisi za umma huandikwa kwa vitenzi vilevile. Kishikwambi kisicho na maudhui katika lugha ya mwanafunzi, kisicho na fundi wa karibu, na kilichofika kabla ya mwalimu kuandaliwa, kitaelezwa kuwa kimeshindwa, na mwaka unaofuata kitanunuliwa kingine chenye tarakimu kubwa zaidi. Hiyo ndiyo hesabu ya Jaguar.

Inapendekezwa, kwanza, kwamba watathmini watenge istilahi: kuharibika kwa hitilafu ya kiufundi, kudoda kwa kukosa watumiaji, na kushindwa pale tu mshindi au kizuizi kinapotajwa. Pili, kila ripoti ioneshe ni ahadi gani zilitolewa kwa mtumiaji, kwa mwandishi wa maudhui na kwa msambazaji, na ipi haikutimizwa. Tatu, bajeti ya maunzi isipitishwe kabla ya bajeti ya zana na maudhui kuoneshwa kando yake. Sentensi ya tathmini ikishakuwa na na, ofisi inayopaswa kujibu itajulikana.