Uso wa Mpiga Picha

Kila anayeshika kamera huamua jambo moja kabla hata hajafikiria lenzi wala mwanga: jicho aliweke wapi. Kuna tundu la kuchungulia juu ya kamera, na kuna skrini mgongoni mwake. Wengi huona ni suala la mazoea, kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Mimi naliona ni suala la adabu ya kazi, na ninalipenda kwa sababu linagusa kila kitu kingine katika ufundi huu.

Hapa pwani jua ndilo hutoa jibu la kwanza. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Simama saa hiyo kwenye mchanga wa Kunduchi, au katika ua wenye kuta za chokaa, uone skrini inakuonyesha nini: paji lako mwenyewe na mawingu yaliyo nyuma yako. Hata ukiongeza mwangaza wake hadi mwisho, rangi haziaminiki. Ukibana jicho kwenye tundu, mpira wake unaziba jua, na kinachobaki ni kile tu kilichomo ndani ya mstatili.

Kisha mwili wenyewe unafaidika. Kamera imeshikwa na mikono miwili na kuegemezwa kwenye paji, viwiko vimebanwa mbavuni, pumzi imetolewa nusu. Ukiwa umesimama hivyo unaweza kufyatua kwa kasi ya sehemu ya 30 ya sekunde, na picha ikatoka imetulia kama aliyepigwa naye ametulia. Nyosha mikono mbele uangalie skrini, na kasi ileile itakuletea picha iliyotikisika.

Lakini sifa kubwa ya tundu ni kwamba linakunyima. Katika nikaha, bwana harusi na walii wameshikana mikono, sheikh anatamkisha maneno, na chumba kizima kimejaa simu zilizonyanyuliwa, watoto wanaopenya, mtu anayepitisha uvumba. Anayefanya kazi kwa skrini anaviona vyote pamoja na picha yake. Macho yake yanahama bila yeye kujua. Aliyebana jicho anaona mikono miwili na uso mmoja. Bwana harusi anapomaliza kutamka kwamba amekubali, mabega hushuka kidogo na midomo hulegea, na jambo hilo halichukui hata sekunde. Mtu hulikamata kwa sababu alikwisha kuacha kuangalia kitu kingine chochote.

Kuna jambo kuhusu kamera za kioo ambalo wanaoanza leo huenda wasilijue kamwe. Ndani ya kamera hizo kioo kidogo hupeleka mwanga juu kwenye tundu, na unapofyatua kioo hicho huruka ili mwanga ufike kwenye filamu au kihisi. Kwa kitambo hicho tundu huwa giza. Maana yake ni kwamba ile nukta iliyonaswa ndiyo pekee ambayo mpiga picha hakuiona. Akiwa ameliona tabasamu lenyewe ndani ya tundu, basi limempita. Wapiga picha wa habari na wa michezo walijenga kazi nzima juu ya giza hilo, wakijifunza kufyatua kabla kidogo ya tukio. Leica M3 ya mwaka 1954 ilikwenda njia nyingine: tundu lake liko pembeni, halipiti kwenye lenzi, halizimiki, na linaonyesha hata vilivyo nje ya mistari ya fremu. Unamwona mtu akija kabla hajaingia kwenye picha. Kwa kazi ya mtaani sijui muundo unaomheshimu zaidi mtazamaji.

Baadaye zikaja kamera zisizo na kioo, kuanzia Panasonic G1 ya mwaka 2008, na hapo mjadala wa zamani ulibadilika. Tundu la kamera hizi lenyewe ni skrini ndogo. Linaonyesha picha jinsi itakavyotoka, na mwanga na rangi zake, sawasawa na ile ya nyuma. Basi kama vyote viwili vinaonyesha kitu kilekile, tunachagua nini?

Tunachagua uso wetu uwe wapi. Hilo ndilo lililobaki, na naamini ndilo lililokuwa na uzito tangu mwanzo.

Fikiria mpiga picha aliyealikwa kumpiga mzee barazani kwake. Ameingia, ameamkia shikamoo, ameitikiwa marahaba, ameulizwa habari za nyumbani. Kisha ananyanyua kamera na uso wake unatoweka. Mzee aliyekuwa akizungumza na mtu sasa anatazamana na kioo cheusi na mikono. Mabega yanakauka, kidevu kinapanda, na picha inayotoka ni ya mtu anayesubiri kumalizwa. Hapo mimi hushusha kamera hadi kifuani, nikafungua skrini inayokunjuka, nikaendelea na mazungumzo. Ananiona mimi. Akicheka, ananichekea mimi.

Jambo hili si geni. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alitumia kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18. Kwa kamera za aina hiyo mpiga picha huona sura imepinduka, miguu juu, kwenye kioo cha nyuma. Akishaingiza kishikio cha filamu, kioo hicho kimefunikwa, na yeye haoni tena chochote kupitia kamera. Anayemtazama mteja wakati wa kufyatua anamtazama kwa macho yake mwenyewe, akiwa pembeni ya mashine. Filamu ilikuwa ghali, na mara nyingi Keïta alipiga moja tu. Tazama wanawake wale wenye magauni ya maua na vito, na wanaume waliovaa suti: wanamtazama mtu aliyewapa nafasi ya kukaa watakavyo. Skrini ya leo, kwa namna yake, imeturudishia nafasi hiyo.

Kwa hiyo kwenye harusi moja ninabadilisha jicho kila mara, na sioni aibu. Nikahani na ukumbini, ambako hakuna anayenihitaji, najificha kwenye tundu. Kwa mtoto aliyekaa mkekani, kwa mzee, kwa bibi harusi anayetetemeka kabla ya kutolewa nje, natumia skrini ili waone kwamba kuna mtu. Jambo moja tu silikubali: kuiacha skrini ionyeshe picha yenyewe kila baada ya kufyatua. Kichwa kinainama, na watu waliokuwa wamejikaza kwa ajili ya picha wanapumua na kucheka wakati ambao hakuna anayewaangalia. Kicheko hicho ndicho kilichostahili kupigwa. Ni afadhali kuzima onyesho hilo.

Huliwasha mwishoni, nikiwa nimekaa karibu na niliyempiga, kwa sababu haki ya kuona ni yake kabla ya kuwa yangu. Wateja wa studio za zamani walisubiri picha isafishwe, na wengi walipokea walichopewa. Leo bibi anaishika kamera kwa mikono yake, anasogeza miwani, anatazama kwa makini kuliko mhariri yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Kisha anairudisha na kuniambia mtandio umemziba shingo, mkufu hauonekani, nipige tena. Nami napiga tena, na mara nyingi ile ya pili ndiyo inayotundikwa ukutani.