Kilio cha Mgeni: Kimbunga, Bahama na Macho ya Mbali

Tarehe 1 Septemba 2019, kimbunga Dorian kilitua Elbow Cay, katika visiwa vya Abaco nchini Bahama, kwa upepo wa kasi ya kilomita 295 hivi kwa saa. Kikasogea hadi Grand Bahama, kikaikalia kwa zaidi ya siku nzima. Wengi waliouona msiba huo hawakuwapo: ni wageni waliozoea kupumzika Abaco mwaka baada ya mwaka, na sasa walikuwa majumbani mwao ng'ambo wakitazama jicho la kimbunga katika picha za setilaiti. Mnara wa taa wa Hope Town, wenye mistari myekundu na myeupe, ulisalimika. Mtaa wa The Mudd, Marsh Harbour, walikoishi wahamiaji wa Kihaiti katika vibanda, ulifutika. Swali la uhakiki ni hili: kati ya viwili hivi, ni kipi kinachoingia katika maombolezo ya mgeni?

Swali hilo si jipya. Mchoraji wa Kimarekani Winslow Homer alifika Bahama mara ya kwanza majira ya baridi ya 1884 na 1885, kwa kazi ya jarida la Century lililotaka picha za kusindikiza makala kuhusu Nassau, mji wa mapumziko. Alirudi baridi ya 1898 na 1899. Vimbunga vya huko msimu wake ni Juni hadi Novemba. Homer, basi, alikuwa mgeni wa siku za shwari aliyejitwika kuchora siku za ghadhabu.

Picha mbili za rangi za maji zaonyesha alivyopiga hatua. Katika ile ya 1898, iitwayo Hurricane, Bahamas, macho huvutwa na miti inayopindwa na upepo juu ya mapaa ya nyumba. Hiyo ni tufani ya mtazamaji: ya kutisha, na ya kupendeza kwa jinsi inavyotisha. Katika After the Hurricane, Bahamas, ya 1899, mtu mweusi amelala mchangani kando ya mashua iliyovunjika, wala haijulikani kama yu hai au amekufa. Ufukwe ni ule ule wa starehe, ila sasa una mwenyewe. Hapo ndipo ubora wa picha hii ya pili ulipo. Hata hivyo, upungufu wake nao hauna budi kutajwa: mtu huyo hana jina, hana jamaa, wala hatuoni mlango aliotokea alfajiri.

Derek Walcott, katika hotuba yake ya Nobeli ya 1992, aliwalaumu wageni waionao Karibi kama kadi ya posta, lakini pia alisikitika kwamba visiwa vyenyewe, kwa dhiki, hujiuza kwa taswira zile zile. Mfasiri wa Kiswahili huliona jambo hilo katika neno moja. Wageni huviita visiwa hivyo pepo. Na kwetu pepo ni makao ya waja wema, na pia ni wingi wa upepo. Lugha yetu imeyaweka pamoja mambo ambayo matangazo ya utalii huyatenga.

Huzuni ya mgeni si ya uongo. Aliyecheza na wanawe ufukweni miaka ishirini ana haki ya kuulilia. Lakini utungo unaohesabu tu alichokosa yeye, yaani ufukwe, hoteli na machweo, utaridhika siku hoteli itakapofunguliwa tena, hali watu zaidi ya 70 walithibitishwa kufa na wengine wengi hawakuonekana.

Washairi wa Kiswahili wana kipimo chao. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyakabili majumba ya Pate yaliyokuwa magofu. Hakuyabomoa upepo, na mtunzi hakuwa mgeni. Lakini utaratibu wa maombolezo yake unafaa popote. Aliusifu uzuri uliopotea, kisha akauliza waliko wenyewe. Homer alifika karibu na swali hilo alipomlaza mtu yule mchangani. Atakayeiandikia Abaco kutoka mbali aanzie hapo alipoishia Homer, aulize mtu yule alikuwa nani, na ni nani anayemngoja.