Heshima ya Fundi kwa Fundi

Tarehe 4 Desemba 1976 alifariki Benjamin Britten, mtunzi mkubwa wa Uingereza. Huko Estonia, mtunzi Arvo Pärt, aliyekuwa na umri wa miaka 41, ndiyo kwanza alikuwa ameonja uzuri wa kazi za Britten, na alitamani waonane. Hawakuonana. Mwaka 1977 akamtungia Cantus in Memoriam Benjamin Britten, kazi fupi ya ala za nyuzi na kengele moja. Katika nyimbo zote za maombolezo ninazozijua, huu ndio ninaoupenda zaidi.

Mwanakwaya wa Sumbawanga hatakuwa mgeni nayo. Kengele ya msiba tunaijua. Nota za Cantus nazo ni zilezile za mazoezi ya jioni. Fidla za kwanza zinaanza juu kabisa: la. Kisha la, so. Kisha la, so, fa. Kila mara zinarudi juu na kuongeza nota moja ya kushuka, ndefu ikifuatwa na fupi.

Ufundi uko hapa: fidla za pili zinashika mstari uleule, oktavi moja chini, kwa nusu ya mwendo. Viola nusu ya hapo, selo nusu tena, hata dabobesi ikawa inakwenda polepole mara 16 kuliko fidla za kwanza. Sauti ni tano, wimbo ni mmoja. Anayetangulia kufika chini hanyamazi. Anaishikilia nota yake mpaka wa mwisho afike.

Wakati huo sauti imekwisha kupanda kutoka mnong'ono hadi ngurumo. Ndani ya ngurumo hiyo kengele inapigwa taratibu, wala hatuusikii mlio wake. Ala zinakatika ghafla, na ndipo tunagundua kwamba kengele ilikuwa ikilia.

Pärt hakuazima wimbo wowote wa Britten wala hakuorodhesha sifa zake. Alikuwa ametoka katika miaka ya ukimya, na mtindo mpya unaosikika katika Cantus aliuanza mwaka 1976. Alichompa marehemu ni malimbuko ya shamba lake, kama mkulima wa Ufipa anayepeleka altareni mahindi ya kwanza kabla hajajaza ghala.

Kwetu, mwalimu wa kwaya akifariki, tunaharakisha kulitia jina lake katika beti, na msiba ukipoa wimbo nao unasahaulika. Nafsi yake inastahili zaidi. Mwanafunzi achukue somo bora aliloachiwa, alifanyie kazi kwa uvumilivu, kisha atunge wimbo ambao mwalimu yule angeona fahari kuufundisha. Wimbo wa namna hiyo utaimbwa hata na watoto ambao hawakumjua.